Je, Wajua? Kamera Haijui Kanzu ni Nyeupe

Je, wajua kwamba kamera, hata ile ya bei ya kiwanja, haijui inachokitazama? Ndani yake mna kipima mwanga, na kazi yake ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, basi. Hakiulizi kama ni kanzu au buibui. Tangu zamani watengenezaji walichukulia kwamba mandhari ya kawaida, ukichanganya vyeusi na vyeupe vyake, hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Hicho ni kijivu cha katikati, na kamera huvuta kila kitu kiangukie hapo. Ndiyo maana kanzu ya bwana harusi iliyopigwa pasi ikang'aa hutoka ya kijivu, na buibui jeusi la mama mkwe hutoka limepauka.

Dawa yake huwashangaza wanaoanza: penye weupe mwingi unaongeza mwanga, penye weusi mwingi unapunguza. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu jaribu +1, kwa buibui −1, kisha tazama na urekebishe. Kwenye simu nyingi gusa uso wa mtu, katatokea kajua kadogo pembeni, ukapandishe au ukashushe kwa kidole.

Mtihani mgumu wanaujua wapiga picha wa harusi za Pwani: uso mweusi na kanzu nyeupe katika picha moja, tena juani. Ukiipima kanzu, uso unazama. Ukiupima uso, mishono ya kanzu inapotea. Mimi naupendelea uso. Kanzu zote zinafanana.

Na wanaokisia si mashine peke yake. Kwa miongo kadhaa Kodak iliwapelekea wenye maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaja kuitwa Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo. Ngozi yake ikitoka sawa, basi mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwamo kwenye hesabu. Kwa maelezo ya waliofanya kazi humo, malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu zake yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao rangi za mbao zao na chokoleti zao zilikuwa hazitofautiani vizuri kwenye matangazo. Mbao zilipata mtetezi kabla ya nyuso.

Sasa tundu la lenzi, ambalo huwachanganya karibu wote. Mbona f/2 ni tundu kubwa na f/16 ni dogo? Kwa sababu namba hiyo ni ya kugawanyia: unachukua urefu wa fokasi ya lenzi ukaugawanya kwa 2, au kwa 16, na nusu ya chapati ni kubwa kuliko robo yake. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/2 ina tundu lenye kipenyo cha milimita 25. Kwenye f/16 zinabaki milimita 3 na kidogo. Mfuatano wenyewe, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, unaonekana wa kiwendawazimu mpaka ujue kwamba kila namba ni ile ya nyuma yake ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2. Kwa hesabu hiyo eneo la tundu hupungua nusu kila hatua, na mwanga nao nusu.

Tundu likiwa kubwa, kinachoonekana kwa ukali ni kipande chembamba tu. Mbele na nyuma yake ni ukungu. Hapo ndipo alipofika mtengeneza filamu Stanley Kubrick alipotaka kupiga sehemu za Barry Lyndon, filamu iliyotoka mwaka 1975, kwa mwanga wa mishumaa tu. Alinunua lenzi tatu za kampuni ya Zeiss za milimita 50 zenye tundu la f/0.7, kati ya kumi zilizotengenezwa kwa ajili ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Mwanga ulitosha, lakini waigizaji ilibidi watulie vitini, kwani mtu akiinama kidogo tu alikuwa ameshatoka nje ya fokasi.

Simu nyingi, kwa upande wao, zina tundu lisilobadilika kabisa. Ule ukungu mzuri nyuma ya mtu mara nyingi ni kazi ya programu. Ukibisha, kuza picha uchunguze ukingo wa nywele au wa hereni. Utaona mahali ilipokosea kukata.

Je, wajua kwamba mtaa uliojaa watu unaweza kupigwa picha ukatoka mtupu? Mwaka 1838 mpiga picha Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mtaa wenye pilika nyingi jijini Paris. Bamba lake lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, hivyo farasi, mikokoteni na wapita njia hawakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Aliyeonekana vizuri ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Yeye hutajwa mara nyingi kuwa binadamu wa kwanza kupigwa picha, na hakuna anayejua jina lake. Mwaka 1878 mambo yalikuwa yamegeuka: mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko California, akaonyesha kwamba farasi anayekimbia kwa kasi kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Leo simu ya kawaida hufungua na kufunga kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde bila jasho. Kwa anayeshika kamera mkononi, kanuni ya mafundi ni hii: lenzi ya milimita 200, usishuke chini ya 1/200 ya sekunde, la sivyo mtikisiko wa mkono utaonekana kwenye picha.

Namba ya tatu, baada ya tundu na kasi ya kufungua na kufunga, ni aiso, yaani wepesi wa filamu au wa kihisio kuupokea mwanga: 100, 200, 400, kila ikipanda maradufu unahitaji mwanga nusu, lakini chenga huongezeka. Zamani aiso ililetwa na filamu yenyewe, ukabaki nayo mpaka mkanda uishe. Namba hizi tatu zikikutana zinatoa kanuni ambayo haihitaji kipima mwanga: jua likiwaka, weka f/16, na kasi iwe moja chini ya aiso. Aiso 100, kasi 1/100.

Ajabu ni kwamba mwezi mpevu nao hupigwa kwa vipimo vinavyokaribiana na hivyo, f/11 badala ya f/16. Usiku ni wetu. Huko juu ni jiwe linalomulikwa na jua lilelile la saa sita mchana. Kamera ikiachiwa ikisie, huona anga jeusi, hufungua kupita kiasi, na mwezi hutoka doa jeupe. Tarehe 24 Desemba 1968, mwanaanga William Anders alipoipiga picha Dunia ikichomoza juu ya Mwezi kutoka chombo cha Apollo 8, sauti zilizorekodiwa chomboni zinataja vipimo: 1/250, f/11.

Pua kubwa kwenye selfi si kosa la pua, wala la lenzi. Ni umbali. Hesabu zilizochapishwa Marekani mwaka 2018 zilionyesha kwamba pua ikipigwa kutoka sentimita 30 huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Mpe mwenzako simu, arudi nyuma.

Karibu na ikweta jua huzama likienda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu wa jioni ni mfupi kuliko wa Ulaya. Mpiga picha wa Mombasa anayepanga vipimo vyake saa kumi na mbili amekwisha kuchelewa.

Na joto la unyevu la Pwani huleta adui mwingine: ukungu wa kuvu, unaoota ndani ya lenzi kama nyuzi nyembamba. Mkoba wa ngozi uliofungwa na kuwekwa kabatini ni makao yake bora. Iweke lenzi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na uitumie mara kwa mara. Ukiziona nyuzi, mpelekee fundi mapema. Zikikaa sana hula utando wa kioo, na hata zikifutwa alama hubaki.