Kisangani: Masanga ya mbila, ulizia saa kabla ya bei

KISANGANI – Anayechagua sheri, ile divai ya Jerez kusini mwa Hispania, hutazama chupa: ni kavu au tamu, imekaa kwenye mapipa kwa muda gani. Kwa masanga ya mbila, pombe ya mchikichi inayoingizwa Kisangani katika bidoni za njano, swali la kwanza ni jingine: yamegemwa saa ngapi?

Sheri huongezwa pombe kali mpaka ifikie asilimia 15 au zaidi, ndiyo maana haiharibiki upesi. Masanga hayana kinga hiyo. Utomvu wa mchikichi hutoka mtamu, karibu bila kileo, lakini hamira ya asili iliyomo hewani na ndani ya chombo huanza kazi papo hapo. Katika saa chache sukari inageuka kileo, na ndani ya siku moja kileo hicho kinaweza kufika asilimia 4 au 5, sawa na bia. Kisha bakteria wa siki wanachukua nafasi.

Kwa hiyo anayependa utamu hana budi kuamka mapema. Anayetaka masanga yenye nguvu kidogo na uchachu wa kuchoma ulimi asubiri mchana au jioni. Ya kesho yake ni ya wale waliozoea ukali, na wapo wengi.

Umbali nao una neno lake. Masanga hufika mjini kwa baiskeli kutoka vijiji vya barabara za Buta na Ituri, na yale ya ukingo wa kushoto hupitia Lubunga kabla ya kuvuka Mto Kongo kwa mtumbwi. Jua, mtikisiko na kungoja kuvuka vyote huharakisha uchachu. Bidoni iliyogemwa alfajiri njia ya Opala, ikinywewa Makiso saa nane mchana, si ile ile aliyoonja mgema, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni ya leo. Hadanganyi, ni ya leo kweli.

Dalili za kutazama ni chache. Masanga mazuri ni meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, yana povu jepesi, na kifuniko chake hakikazwi kwa sababu gesi inaendelea kutoka. Bidoni iliyotulia kabisa, bila povu wala sauti, ama imezeeka ama imeongezwa maji. Wazee walishasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akiongeza sukari juu yake kuficha wepesi, utamu huo huwa mkali mdomoni kisha hupotea mara moja. Nusa pia bidoni yenyewe kabla ya kujaziwa kopo. Ikiwa ilibeba petroli au mafuta ya taa, hakuna kuosha kunakotosha.

Kuna masanga yanayotiwa magome machungu ya miti ya msituni. Wanaoyapenda hawataki mengine, na uchungu huo una mvuto wake. Lakini pia unafunika kasoro: masanga yaliyoanza kuwa siki hujificha vizuri nyuma ya gome. Asiyemjua muuzaji ni afadhali aonje kwanza yasiyo na kitu.

Mnywaji makini anaweza kuuliza swali moja zaidi: mti umesimama au umeangushwa? Mgema anayepanda na kukata kikonyo cha ua huuacha mchikichi uendelee kuishi. Anayeukata mti mzima hupata utomvu kwa wiki kadhaa, kisha basi. Katika Tshopo hilo si jambo dogo. Mchikichi ndio unaotoa mawese ya kila sufuria, ndio uliojenga mashamba makubwa ya Lokutu yaliyoanzishwa na kampuni ya Lever baada ya mkataba wa 1911, na ni Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani, ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 jinsi aina ya tenera, yenye nyama nyingi ya kutoa mafuta, inavyopatikana kwa kuzalisha dura na pisifera pamoja. Familia inayoangusha mti kwa ajili ya bidoni chache imeuza mawese ya miaka mingi ijayo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye meza ya jirani. Lotoko, pombe kali inayochemshwa kwa mahindi na mihogo, huuzwa bila kipimo chochote cha kileo, na ikitengenezwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, sumu inayoua mishipa ya macho. Hapa ulimi hausaidii, wala pua. Wapo wanaowasha moto kwenye kijiko na kuridhika wakiona lotoko inawaka. Methanoli nayo inawaka.

Aliyekunywa lotoko kisha, hata baada ya saa nyingi, akaanza kuona ukungu, kutapika au kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida, apelekwe hospitali usiku huo huo. Kumlaza hadi asubuhi akidhaniwa amelewa tu kunaweza kumgharimu macho yake, au uhai.