Bodaboda wa Kampala Chini ya Macho ya Kampuni na Serikali

Kampala ni mji wa vilima na foleni, ambamo gari huweza kukwama muda mrefu kati ya Wandegeya na katikati ya mji huku pikipiki zikipenya kandokando yake, na kwa sababu hiyo kazi ya bodaboda imekuwa sehemu ya lazima ya maisha ya kila siku, tangu kwa mfanyabiashara wa soko la Owino anayewahi mzigo wake hadi kwa mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Mulago usiku. Katika kazi hiyohiyo yamekutana mambo matatu ambayo wasomi na wanasiasa wamezoea kuyajadili kila moja peke yake: haki za mfanyakazi, nguvu ya dola, na teknolojia ya simu. Mwendesha bodaboda wa leo anaweza kufuatiliwa kwa wakati mmoja na kampuni inayomletea abiria, na taasisi iliyomkopesha pikipiki, na vyombo vya usalama vya nchi, na wote hao hutegemea taarifa ya aina moja, yaani mahali alipo na njia anayopita. Lakini yeye mwenyewe hana njia rahisi ya kuona kilichoandikwa juu yake, wala ya kukijibu. Upungufu huo, pengine kuliko hata udogo wa kipato, ndio kiini cha unyonge wake.

Kabla ya kuja kwa programu za simu, mtawala wa kazi hii alikuwa steji, yaani kituo ambacho waendeshaji wa eneo moja hukusanyika kusubiri abiria. Steji ina mwenyekiti wake, ina kiingilio ambacho mgeni hulazimika kulipa kabla ya kuruhusiwa kuegesha pikipiki yake hapo, na ina desturi za kuamua nani abebe abiria na nani aadhibiwe kwa utovu wa nidhamu. Asiye na pikipiki yake hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, iwe mvua au jua, na kinachobaki baada ya petroli ndicho chakula cha nyumbani. Utaratibu huu haukuwa wa haki siku zote. Kundi la Boda Boda 2010 liliogopwa mjini kwa miaka kadhaa kwa jinsi lilivyotawala vituo na kuwabana wasio wanachama wake, hadi kiongozi wake, Abdullah Kitata, alipokamatwa Januari 2018 na baadaye kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Hata hivyo steji ya kawaida ilikuwa na jambo moja lisilopaswa kudharauliwa: aliyeadhibiwa alimjua aliyemwadhibu, akaweza kumfuata, kubishana naye, na kuwaleta wenzake wamwombee.

Mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya SafeBoda, ambayo mmoja wa waasisi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa yeye mwenyewe mwendesha bodaboda. Kampuni ya Uber iliingia Kampala mwaka 2016 ikianza na magari, na Taxify, ambayo leo inaitwa Bolt, ikaingia katika ushindani huo. Faida zilizoletwa na kampuni hizi ni za kweli na haifai kuzipuuza. SafeBoda iliwafundisha waendeshaji wake kanuni za usalama barabarani, ikawavisha fulana za rangi ya chungwa, na ikahakikisha kwamba kila mmoja anabeba kofia ngumu mbili, moja yake na nyingine ya abiria, katika mji ambao wodi za Mulago zimeshuhudia kwa miaka mingi mifupa iliyovunjika katika ajali za pikipiki. Abiria naye alipata kujua nauli kabla ya kupanda na kujua jina la anayembeba, jambo ambalo wanawake wanaosafiri usiku wana sababu nzuri ya kulithamini.

Lakini pamoja na faida hizo mamlaka ya kazi yalihama kutoka mikononi mwa watu yakaingia katika algoriti, neno linalotaja mfuatano wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata ili kufikia uamuzi. Algoriti ndiyo inayoamua ni mwendeshaji yupi apelekewe abiria aliyepo Ntinda, ndiyo inayokokotoa nauli kwa kuzingatia umbali na wingi wa wateja wa saa hiyo, na ndiyo inayojumlisha nyota ambazo abiria humpa mwendeshaji baada ya safari. Kampuni hukata sehemu yake, yaani kamisheni, kwa kiwango inachokipanga na kukibadilisha yenyewe. Nyota zikipungua, au mfumo ukishuku udanganyifu, akaunti inaweza kufungwa, na kufungiwa akaunti kwa mtu wa namna hii ni sawa na kufukuzwa kazi, ila hakuna barua, wala notisi, wala msimamizi wa kukaa naye mezani.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ingepaswa kuwa kimbilio hapa, kwa maana inamtaka mwajiri atoe sababu na ampe mfanyakazi nafasi ya kujieleza kabla ya kumfukuza. Tatizo ni kwamba sheria hiyo humlinda mwajiriwa, yaani mtu aliyefunga mkataba wa kumtumikia mwingine kwa ujira, ilhali mikataba ya kampuni za programu humwita mwendeshaji mshirika au mkandarasi huru, mtu anayejiajiri na kukodi tu huduma ya kutafutiwa wateja. Kwa jina hilo moja hukatika mengi: fidia ya kuumia kazini, likizo ya ugonjwa, na mchango wa mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao kwa mwajiriwa wa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara juu ya asilimia 5 anayokatwa mwenyewe. Mabadiliko ya sheria ya NSSF ya mwaka 2022 yaliwafungulia waliojiajiri mlango wa kuchangia kwa hiari, nayo ni hatua njema, lakini mchango wa hiari hutoka wote katika mfuko wa mwendeshaji.

Mahali pengine jina hilo limehojiwa. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyopanga nauli na masharti na kuwadhibiti kwa nyota. Kenya ilichagua njia nyingine ikaweka, katika kanuni za mwaka 2022, ukomo wa kamisheni wa asilimia 18. Tanzania nayo, kupitia mamlaka ya LATRA, iliweka ukomo wa asilimia 15 mwaka huohuo, Uber ikasimamisha huduma zake nchini, na ikarejea baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Tukio hilo linaonyesha wazi jinsi nchi moja ikisimama peke yake inavyoweza kushinikizwa na kampuni inayofanya kazi katika nchi nyingi, na kwa nini jambo hili lingefaa kushughulikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja.

Uganda yenyewe imesita. Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira mwezi Mei 2023, Rais Yoweri Museveni akaurudisha bila kuutia saini, kama alivyokataa kuutia saini muswada wa kima cha chini cha mshahara uliopitishwa mwaka 2019. Kima kilichowekwa kisheria mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kilibaki katika vitabu muda mrefu baada ya fedha hiyo kutotosha hata chakula cha siku mbili.

Mwenye macho ya pili ni mkopeshaji. Kampuni kama Tugende, iliyoanzia Uganda, na Watu, iliyoanzia Mombasa, zimewawezesha maelfu ya vijana kumiliki pikipiki kwa malipo ya kidogokidogo badala ya kupeleka hesabu kwa tajiri maisha yao yote, na kwa kijana ambaye benki isingempokea huu ni ukombozi wa aina yake. Dhamana ya mkopo ni pikipiki yenyewe, na katika biashara hii imekuwa kawaida kufunga ndani yake kifaa kinachopokea ishara za setilaiti na kumjulisha mkopeshaji chombo kilipo, ili anayechelewesha malipo aweze kufuatwa. Tajiri wa zamani aliyedai hesabu yake jioni hakujua mwendeshaji alilala wapi.

Macho ya tatu ni ya dola, na hapa historia ni chungu. Machi 2017 afisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake na watu waliokuwa juu ya pikipiki. Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa kwa namna hiyohiyo. Na Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala alinusurika katika shambulio la wapanda pikipiki lililomuua binti yake na dereva wake. Baada ya kifo cha Kaweesi serikali iliamua kuweka kamera za ulinzi jijini, zilizonunuliwa kutoka kampuni ya Huawei ya China kwa takriban dola milioni 126, zikiwa na uwezo wa kutambua nyuso. Baada ya kifo cha Abiriga Rais alitaka vibao vya namba vyenye kifaa cha kielektroniki kwa kila chombo cha moto. Na wiki chache baada ya shambulio la Katumba, Julai 2021, serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kirusi iitwayo Joint Stock Company Global Security kwa ajili ya mfumo huo, ambao ulizinduliwa Novemba 2023 kwa kuanza na magari ya serikali.

Mtu hawezi kuwalaumu wananchi waliotaka wauaji hao wapatikane. Lakini kifaa kinachoweza kumfuata muuaji humfuata pia asiye na hatia, na Uganda imekwisha kuona jambo hilo. Novemba 2020, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, kukamatwa, maandamano yalizuka Kampala na kwingineko, watu wasiopungua 54 wakafa, na polisi wakaeleza hadharani kwamba picha za kamera zilitumika kuwatafuta watuhumiwa. Bodaboda hubeba kila mtu, mwandamanaji na mwandishi wa habari na mgonjwa, na kumbukumbu ya safari zake ni kumbukumbu ya safari zao wote.

Nguvu ya dola haikuishia katika kutazama. Imegusa pia uwezo wa kufanya kazi. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii, pamoja na kodi ya asilimia moja kwa miamala ya fedha za simu. Ya pili ilipunguzwa ikawa asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa, baada ya malalamiko na maandamano, kwa kuwa simu ndiyo benki ya watu wa kipato cha chini. Ya kwanza iliingiza takriban shilingi bilioni 49.5 katika mwaka wake wa kwanza badala ya bilioni 284 zilizotarajiwa, kwa sababu wengi waliikwepa kwa programu za kuficha mahali walipo, na mwaka 2021 ikafutwa na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwa vifurushi vya intaneti. Ni kodi inayomkata mwendeshaji kabla hajapata abiria, maana bila kifurushi hakuna programu.

Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali iliwazuia bodaboda kubeba abiria kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Julai, wakabaki na mizigo tu. Januari 2021, jioni ya kuamkia uchaguzi mkuu wa tarehe 14, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi kwa amri iliyopitia Tume ya Mawasiliano. Programu haiwezi kumuunganisha mwendeshaji na abiria bila intaneti. Steji, ambayo wengi walidhani imepitwa na wakati, ndiyo iliyoendelea kufanya kazi, na mwendeshaji aliyekuwa ameiacha kabisa alijikuta hana pa kuegesha. Ndiyo maana njia iliyochaguliwa na chama cha wafanyakazi wa usafiri, ATGWU, ya kuyapokea makundi ya bodaboda ya Kampala kama wanachama wa pamoja badala ya kungoja kila mmoja awe mwajiriwa rasmi, ni ya busara kuliko inavyosifiwa: inajenga juu ya kitu ambacho amri ya kuzima mtandao haikifikii.

Chama hicho kina silaha ambayo haijazoeleka kuhesabiwa miongoni mwa sheria za kazi, nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019. Sheria hii humpa mtu haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zinazoshikiliwa, na humpa pia haki ya kupinga uamuzi wenye athari kubwa kwake uliofanywa na mashine peke yake. Mwendeshaji aliyefungiwa akaunti hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa ili adai haki hizo; inatosha kwamba taarifa ni zake. Kwamba sheria inaweza kuuma ilionekana mapema 2021, wakati mamlaka ya teknolojia ya taifa, NITA-U, kufuatia malalamiko ya shirika la Unwanted Witness, ilipobaini kwamba SafeBoda ilikuwa imetoa taarifa za watumiaji wake kwa kampuni ya nje iitwayo CleverTap bila kuwaeleza ipasavyo, ikaiagiza irekebishe utaratibu wake.

Shauri hilo lilihusu hasa abiria. La waendeshaji lingeweza kufuata njia hiyohiyo, likaanza na swali dogo la maandishi kwa kampuni: akaunti ilifungwa kwa taarifa zipi, na nani alizisoma? Kwa upande wa dola njia ni nyembamba zaidi, kwa sababu sheria hiyohiyo inaruhusu taarifa kukusanywa bila ridhaa kwa ajili ya usalama wa taifa, na ofisi inayopokea malalamiko iko ndani ya NITA-U, ambayo ni chombo cha serikali, hivyo anayetaka kujua kibao cha pikipiki yake kimeandika nini juu ya safari zake hubaki na mahakama na ibara ya 27 ya Katiba ya 1995, inayolinda faragha ya kila mtu.