Jinsi ya Kupima Hasara ya Maradhi ya Ng'ombe

Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, na kwetu ni Rubavu, katika vilima vilivyo juu ya mji wa Gisenyi na ziwa Kivu. Napenda kuwaeleza jambo nililojifunza nyumbani wakati wa mapumziko, kwani wengi wenu mmelelewa kwa maziwa.

Siku moja bwana mifugo alifika kwetu na kitabu chake akauliza, "Mama, ng'ombe wangapi wamekufa mwaka huu?" Mama akajibu, "Hakuna." Bwana akaandika sifuri. Lakini mimi nilijua ya kuwa ng'ombe wetu alikuwa ametupa mimba, na ya kuwa kabla ya hapo kiwele kilimwuma miezi mingi. Hasara yote hiyo iliandikwa sifuri! Nikamwambia, naye hakukasirika. Alisema, "Kweli, kitabu hiki huuliza habari za vifo tu. Kesho nitarudi tuulize vizuri zaidi."

Hapo ndipo penye shida. Kifo huonekana na kila mtu. Lakini maradhi hula mali kwa njia nyingine nyingi: maziwa yapunguayo, ndama wasiozaliwa, fedha za dawa, na maziwa ya siku za dawa ambayo hayafai kuuzwa wala kunywewa. Tuseme ng'ombe hutoa lita 8 kwa siku, na maradhi ya kiwele yakampunguzia lita 2. Kwa siku 200 hasara ni lita 400, naye ng'ombe yu hai. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Kesho yake bwana mifugo alirudi, akaomba maharage 100. Alisema, "Mama, haya yote ni hasara uliyopata kwa maradhi mwaka huu. Yagawe, kila ugonjwa na fungu lake." Hakutumia majina ya vitabuni, bali majina yetu: ikibagarira, yaani ndigana, iletwayo na kupe wa masikio, uburenge, yaani ugonjwa wa miguu na midomo, na ifumbi, yaani ugonjwa wa kiwele. Kwanza alimtaka mama aeleze dalili za kila mmoja, ili ajue kama wanasema jambo moja. Mama alieleza homa, kuvimba tezi chini ya sikio na kupumua kwa shida, naye bwana akatambua kuwa ndiyo ndigana.

Mama akaipa ndigana fungu kubwa kuliko yote. Bwana akamwuliza, "Je, mwaka huu imekugharimu nini?" Mama akafikiri, akacheka. Haikumgharimu ila dawa ya kupe. Alikuwa amepima hofu yake, si hasara yake. Basi akahesabu maziwa yaliyopotea, akahamisha maharage mengi kwenye fungu la ifumbi, na mengine kwenye fungu la kutupa mimba.

Jirani yetu mmoja alikuwa ameketi akitazama. Akasema taratibu, "Dada, na maharage yangu mimi yako wapi?" Sote tukanyamaza. Ng'ombe wetu alitoka katika mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, wa kuzipa jamaa maskini ng'ombe mmoja mmoja. Apewaye hutoa ndama jike wa kwanza kumpa jamaa mwingine. Jirani huyu ndiye aliyekuwa akingoja, na majani ya kulishia alikwisha panda. Mimba ilipotoka, yeye naye alipata hasara, na ng'ombe hubeba mimba miezi 9. Mama akachota maharage kiganja kizima akamwekea fungu lake peke yake. Kitabu hakikuwa na nafasi ya jambo hilo. Bwana aliliandika nyuma ya karatasi.

Msidhani kuwa huu ni mchezo wa watoto. Katika miaka ya 1890 sotoka, ambayo kwetu iliitwa muryamo, iliteketeza ng'ombe wa Rwanda na nchi jirani. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1990, wafugaji wa Karamoja na Sudani ya kusini walifundishwa kuchanja ng'ombe wao wenyewe. Wafugaji wa Kisomali nao waliulizwa juu ya dalili walizoziona, na maelezo yao yakawasaidia wataalamu kutafuta sotoka hafifu iliyokuwa imejificha. Ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini maharage ya nyumba moja hayatoshi. Yafaa kuwauliza wengi, na kila mtu peke yake: akina mama wakamuao na vijana wakatao majani, wala si mwenye mji tu. Yafaa kuuliza habari za mwaka mmoja, kwani kumbukumbu husahau. Tena yako maradhi ambayo mfugaji hawezi kuyaona. Kiwele chaweza kuugua bila kuvimba wala maziwa kubadilika. Bwana mifugo alikamua maziwa kidogo ya kila chuchu katika kisahani chenye vishimo vinne, akatia dawa. Katika vishimo vitatu maziwa yalibaki mepesi. Katika cha nne yalishikana kama uji. Mama alistaajabu sana. Vivyo hivyo sababu ya kutupa mimba hujulikana kwa kupima damu, wala si kwa kukisia. Basi mfugaji aseme ayajuayo, na maabara iseme iyajuayo.

Ndugu zangu wanafunzi, mwendapo nyumbani chukueni daftari. Andikeni maziwa ya kila siku, tarehe ya kila ugonjwa, na fedha ya kila dawa. Bwana mifugo ajapo, msimwache aandike sifuri mahali pasipo sifuri.

Ng'ombe wetu amekwisha tibiwa, naye ana mimba tena. Jirani hupita kila jioni kumtazama.