Ujazo na Uzito wa Tangi la Mafuta

Chama cha msingi chenye trekta au lori hakina budi kuweka akiba ya dizeli, na penye akiba hapakosi siku ya makabidhiano. Siku hiyo ndipo katibu mwaminifu anapoweza kuonekana mwizi kwa sababu ya hesabu tu.

Kwanza ifahamike kwamba lita si kilo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita ya dizeli ina gramu 840 hivi, na ya petroli hupata gramu 740. Pipa la kawaida la lita 200, likijazwa dizeli, huwa na kilo 168 za mafuta. Ukiongeza chuma chenyewe, ambacho ni kilo 18 hadi 20, jumla hukaribia kilo 187. Mapipa sita basi yamekwisha kupita kilo 1,100, nayo pikapu ya tani moja huyapokea bila kulalamika mpaka springi zikatike njiani.

Tangi la lita 5,000 hubeba kilo 4,200 za dizeli, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Matofali mawili matatu yaliyopangwa juu ya udongo wa mfinyanzi si msingi wa mzigo huo. Upande mmoja ukititia, kijiti cha kupimia nacho husema uongo.

Uongo mkubwa zaidi hutokana na umbo. Matangi mengi ni ya mviringo, yaliyolazwa, mapana katikati na membamba chini na juu. Kijiti kikilowa nusu, mafuta ni nusu: lita 2,500. Lakini kikilowa robo, watu wengi huandika lita 1,250, ilhali zilizomo ni lita 978 tu. Kikilowa robo tatu huandikwa 3,750, na kumbe zipo 4,022.

Katibu mpya akipokea tangi kwenye robo na kutia sahihi yake kwa lita 1,250, amejitwika deni la lita 272 ambazo hazikuwamo tangu mwanzo. Kamati haitaangalia umbo la tangi, itaangalia sahihi. Na aliyemtangulia, ambaye pengine hakuchukua hata kikombe, atatajwa vibaya kijijini.

Joto nalo lina sehemu yake, ila ni ndogo. Lita 5,000 zikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hupungua kama lita 40. Anayesingizia baridi kwa upungufu wa lita 272 asisikilizwe.

Dawa yake ni kukitia kijiti alama upya. Tangi likiwa tupu na limelala sawa, mimina dizeli lita 200 kwa kipimo kilichothibitishwa, uache itulie, kisha ukate chale pale ilipofika. Endelea hivyo hadi lijae. Chale hizo hazitalingana kwa nafasi, na hivyo ndivyo ipasavyo. Kazi ifanyike mbele ya wajumbe wawili wa kamati.

Tena, maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Kabla ya kupima, yafunguliwe kwa koki ya chini mpaka itoke dizeli tupu, na kiasi kilichotolewa kiandikwe katika daftari la mafuta pamoja na tarehe na saa.