Leza Inapogeuza Chembe za Chuma Inazozipima

Ukiweka unga mweusi wa magnetiti chini ya hadubini ya Raman na kuumulika kwa leza yenye nguvu, pale mwanga ulipotua panaweza kubaki doa jekundu. Magnetiti imegeuka hematiti, oksidi nyingine ya chuma, ile inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Mtaalamu alitaka tu kujua unga wake ni wa aina gani; sasa kifaa kinamsomea kitu ambacho hakikuwamo kwenye sampuli.

Suala hili linagusa tiba moja kwa moja. Chembe nano za oksidi ya chuma, ambazo upana wake huhesabiwa kwa sehemu za milioni za milimita, zimeshaingia hospitalini. Dawa ya ferumoxytol, inayotiwa kwenye mshipa, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma. Baadhi ya madaktari huitumia pia ili picha za MRI zionekane vizuri zaidi. Barani Ulaya, chembe za jamii hiyo ziliruhusiwa kutibu saratani ya ubongo: huingizwa ndani ya uvimbe, kisha uga wa sumaku unaogeukageuka huzipasha moto.

Picha za MRI na tiba hiyo ya joto hutegemea usumaku wa chembe. Magnetiti na ndugu yake maghemiti zina usumaku mkubwa, ilhali wa hematiti ni hafifu mno. Kwa hiyo mtengenezaji lazima ajue ana ipi mkononi. Eksirei haimsaidii sana kutenganisha zile mbili za kwanza, kwa kuwa mpangilio wa atomi zake unakaribia kufanana. Hapo ndipo anapogeukia mbinu ya Raman.

Mbinu hiyo inabeba jina la mwanafizikia wa India, C. V. Raman, aliyegundua msingi wake mjini Kolkata mwaka 1928 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga ukigonga kitu, sehemu kubwa hutawanyika na rangi yake ile ile. Sehemu ndogo sana hutoka imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imeachia au imechukua nishati ya mtikisiko wa atomi. Kila madini hutikisika kivyake. Kwa kipimo cha idadi ya mawimbi katika sentimita moja, magnetiti hutoa kilele kikubwa karibu na 670. Hematiti huonyesha vilele vyembamba karibu na 225, 293 na 411. Maghemiti ina vilele vipana karibu na 350, 500 na 700.

Kwa kuwa mwanga unaotafutwa ni haba, mtu hushawishika kuongeza nguvu ya leza. Lakini miliwati 1 tu, ikikusanywa kwenye doa la maikromita 1, huwa kali kuliko jua la utosini zaidi ya mara milioni moja. Magnetiti, kwa weusi wake, hufyonza mwanga huo na kupata joto. Oksijeni ya hewani huishambulia, nayo hugeuka maghemiti, kisha hematiti. Chembe nano huwahi kuathirika kuliko fuwele kubwa: atomi zake nyingi ziko juujuu, na joto halipati njia nzuri ya kutoka kwa kuwa chembe zimegusana sehemu chache tu. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walionyesha jinsi nguvu ya leza inavyoweza kupotosha utambuzi wa oksidi hizi.

Si kila badiliko ni la kudumu. Joto peke yake husogeza vilele chini kidogo na kuvipanua, na sampuli ikipoa, vilele hurudi mahali pake. Vilele vya hematiti vikishatokea, havirudi nyuma.

Kwa hiyo wapimaji makini huanza na nguvu ndogo kabisa, hupanua doa la mwanga au huizungusha sampuli, kisha hurudia kipimo cha kwanza mwishoni. Vipimo hivyo viwili visipolingana, leza imeharibu sampuli. Ripoti inayotaja hematiti bila kutaja nguvu ya leza, rangi yake, ukubwa wa doa na muda wa kumulika, haitoshi kumkatalia mtengenezaji dawa yake, wala kumpitishia.