Rushwa ya wakala yaweza kuigharimu kampuni

Nchini Uingereza, mawakili wa kesi za rushwa za makampuni huanza na swali moja: kampuni ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia rushwa? Kwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya 2010, huo ndio utetezi wake.

Standard Bank iliukosa. Katika mkopo wa dola milioni 600 kwa Serikali ya Tanzania, kampuni dada ililipa dola milioni 6 kwa wakala wa ndani. Nyingi zikatolewa taslimu. Mwaka 2015, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama ya London, benki ilitozwa dola milioni 25.2 na kuilipa Tanzania dola milioni 7, riba ikiwemo.

Mnunuzi wa hisa aulize mapema: kampuni inawachunguzaje mawakala wake?