Bure na Huru: Namna ya Kufundisha Ushindani wa Mifumo Endeshi

Mwalimu mwanafunzi aulizwapo tofauti kati ya Windows na Linux, mara nyingi hujibu kwamba ile huuzwa na hii hupatikana bure. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini humfungia mtoto njia. Twapendekeza somo lianzie kwenye lugha yetu wenyewe, kwani Kiswahili hutenga "bure" na "huru", maana mbili ambazo Kiingereza huzibebesha neno moja. Richard Stallman wa Marekani, mwasisi wa harakati za programu huru, amelazimika kwa miaka mingi kuwafafanulia wenzake jambo ambalo mtoto wetu wa darasa la sita halimtatizi.

Kwanza ielezwe kuwa mfumo endeshi ni programu inayosimamia kazi zote za kompyuta. Watu huiandika kwa maagizo yanayosomeka, kisha maagizo hugeuzwa kuwa tarakimu za mashine. Apewaye tarakimu peke yake ni kama aliyeuziwa sahani ya pilau: atashiba, lakini hataambiwa kilichotiwa chunguni wala kwa kipimo gani.

Hapo kisimuliwe kisa cha mashine ya kuchapia. Katika maabara ya chuo cha MIT, Stallman alikuwa ameirekebisha programu ya mashine ya zamani ili iwaarifu watu karatasi inapokwama. Ilipoletwa mashine mpya, maagizo yake yalifichwa. Alimwendea msomi wa chuo kingine aliyekuwa nayo, naye akamnyima, kwa kuwa alikwisha kuahidi kutoyatoa. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo ulio huru. Kiini kilichokosekana kilitoka Helsinki mwaka 1991, kazi ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21.

Somo lisigeuzwe kuwa hukumu, hata hivyo. Mwaka 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba wengi walikuwa wakinakili programu ya kampuni yake bila kuilipia. Swali lake, nani atafanya kazi ya kitaalamu bila ujira, ni la haki, na wanafunzi walijadili. Kisha waelezwe kuwa kilicho huru chaweza pia kuleta fedha: kampuni ya Red Hat, iliyokuwa ikiuza huduma kwa watumiaji wa Linux, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34.

Kwetu sisi uhuru huo ulileta manufaa mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kungoja kampuni ya mbali ione faida.

Shule nazo zinaguswa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha marekebisho ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya Windows 11. Linux yaweza kuziendeleza, mradi awepo mwalimu anayeimudu. Bila huyo, zitabaki kabatini.

Kwa zoezi, wanafunzi waulize nyumbani simu zinatumia mfumo gani. Wengi wataleta jina la Android, ambayo kiini chake ni Linux, ingawa programu nyingi za Google zilizowekwa juu yake zimefungwa. Waulizwe: je, simu hiyo ni huru, na kwa kiasi gani?